Mwaka wa Kisu Chako Niliutoa Mimi

Mwanangu Simiyu,

Sijui kama maneno haya yatakupata, maana anwani yako sina tena, na namba yako nikipiga inaongea Kizungu cha mashine halafu inakata. Ndiyo sababu nimeandika wazi, kila mtu asome. Dada wa saiba, lile duka la kompyuta hapa mjini, ameniambia iko mahali kwenye mtandao ambapo watoto wetu walioko ng'ambo husoma habari za nyumbani, nani amezikwa, nani ameoa. Amesema ataichapa huko. Nimemwomba anirekebishe herufi, lakini maneno ayaache vile yalivyo. Mimi niliachia darasa la tano na sitaki usome barua ya mtu mwingine. Kama wewe unayesoma si Simiyu, lakini unamjua, ni kijana mrefu aliyekuwa akifanya kazi kwa nyumba ya wazee huko Uingereza, tafadhali mwonyeshe.

Nianze na jambo lenyewe nisije nikaogopa katikati. Barasa hakuiba pesa yako. Barasa hakugusa kadi yako ya benki. Kuna mtu aliyemfungulia mwizi mlango, na mtu huyo ni mimi.

Sasa nimeshasema. Ngoja nipumue, nikueleze pole pole.

Unakumbuka ile wiki kabla hujasafiri, vile nilikushonea mifuko ndani ya suruali zote? Mifuko ya siri, upande wa tumbo. Ulikuwa umekaa kwenye stuli barazani kwetu hapa Kitale, ukinitilia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka. Ukasema, "Mama, huko watu hawabebi pesa. Pesa iko kwa kadi." Nikakuuliza, na kadi utaiweka wapi? Ukacheka mpaka Mama Barasa naye akaacha kukata kitambaa, akacheka. Akasema, "Mshonee, Mama Simiyu, huyu atajua maana yake akifika." Basi nikashona mifuko sita. Nilikuwa najua mwizi ni mkono. Mwizi wa stendi, mwizi wa sokoni, mkono unaingia, mkono unatoka. Mwizi anayepiga simu na kukuamkia vizuri, huyo sikuwa nimemsikia.

Mwanangu, wewe ulizaliwa kiangazi, ndiyo maana ya jina lako. Siku yenyewe siijui. Ilikuwa kule nyumbani Misikhu, vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mkunga alikuja amejifunga leso mdomoni. Tulipoenda kukutafutia kitambulisho, karani akauliza tarehe. Nikamwambia ni wakati wa vumbi. Akanitazama, akaandika ya kwake. Ulipokuwa ukijaza fomu za safari ulikuwa unaniambia, "Mama, mimi nina siku ya kuzaliwa ya karani." Tukawa tunacheka, lakini nilikuwa naona haya kidogo.

Siku yako ya kutahiriwa, hiyo hakuna karani aliyeniandikia. Hiyo ninayo yote. Mlikuwa wawili kwa boma letu, wewe na Barasa, kwa sababu baba yake alikuwa ameshatuacha, na marehemu baba yako alisema mtoto huyu hatasimama peke yake. Mliingia mtoni alfajiri, mkarudi mmepakwa matope, na ule wimbo ukipanda kutoka bondeni. Mimi na Mama Barasa tulikuwa ndani, tumekaa chini kama desturi, tumeshikana mikono, hatuoni kitu, tunasikiliza tu. Nikakusikia ukimwambia mwenzako kwa sauti ndogo, "Usiangalie chini. Angalia paa la nyumba ya mama." Wewe ukawa wa kwanza. Kukawa kimya. Halafu vigelegele. Halafu kimya tena, na vigelegele tena. Mama Barasa alinibana mkono mpaka pete ikaacha alama. Kutoka siku hiyo ninyi ni bakoki, watu wa kisu kimoja, na wewe unajua kuliko mimi kwamba bakoki humnyimi kitu, na humwiti jina baya.

Mwaka huo siuandiki hapa. Hata hilo nimejifunza.

Sikujua kama ndiyo ulifanya namba yako ya siri ya benki. Ningejuaje? Hukuniambia, na ulifanya vizuri kutoniambia. Lakini nikifikiria sasa, naelewa. Tarehe zako zingine zote ni za karani. Hiyo ndiyo namba yako mwenyewe, na mtu akitaka namba ambayo hawezi kuisahau, atachukua nyingine gani?

Sasa sikiliza. Ilikuwa mchana, tunashona sare za shule. Wajua kazi yetu, Mama Barasa anakata, mimi nashona. Alikuwa amekwenda kutafuta vifungo upande wa Kipsongo, kwa yule mama anayeuza kwa kipimo cha kikombe. Simu yangu ikalia, namba ndefu ya ng'ambo. Nikajua ni wewe, nikashika kwa haraka hata sindano ikanidunga.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Nani?"

"Ni Wasike, mama. Nafanya kazi na Simiyu. Mimi mtoto wa Kibabii."

Mwanangu, mtu akikuamkia kwa lugha yetu kutoka mbali namna hiyo, moyo unafunguka wenyewe. Nikamuuliza, ati baridi ni kali? Akasema baridi ya huko inauma masikio kama nyuki. Nikacheka. Nikamuuliza unakula? Akasema unakula, lakini ugali wenu unafanana na uji wa mgonjwa. Nikacheka tena. Akasema wewe ni mtu mzuri kazini, wale wazee wanakupenda, kuna mmoja hali chakula mpaka aone ni wewe umebeba sahani. Nilikuwa na miezi sijasikia mtu akikusifu mbele yangu. Nilikunywa hayo maneno kama maji.

Halafu akasema, "Mama, tunataka kumfanyia kitu kidogo cha kumfurahisha. Siku yake ya kuzaliwa ni lini?"

Nikamwambia, "Hiyo muulize karani!" Nikamweleza hadithi yote ya vumbi. Akacheka sana, akacheka kuliko hadithi yenyewe.

"Basi tutumie ya kisu, mama. Yeye ni wa mwaka gani? Tukusanye bakoki wake walioko huku."

Simiyu, ni mama gani wa kwetu akiulizwa hivyo atanyamaza? Nilimwambia mwaka. Nikamwambia mwezi. Nikamwambia mto, na matope, na vile hukupepesa jicho. Kama angeniuliza kisu kilikuwa na mpini wa rangi gani ningemwambia. Alikuwa anasema, "Aah! Mwanaume huyo!" Mwisho akasema, "Sasa mama, usimwambie. Tutaharibu." Na mimi, mama yako, nikamwapia kwamba sitakwambia. Nikaweka siri ya mwizi, nikakuficha wewe.

Mama Barasa akarudi na vifungo, akaniuliza mbona nafurahi. Nikamwambia ni habari njema za watoto wetu.

Wiki mbili baadaye ukapiga, sauti kama ya mtu aliyelia akanawa uso. Pesa ya karo ya kozi yako ya uuguzi imetolewa yote kwa mashine, na kadi ukaikuta kwenye mfuko wa koti, mahali pake. Benki ikasema aliyetoa aliweka namba sawa mara ya kwanza bila kubahatisha, kwa hivyo ni wewe mwenyewe au ni mtu uliyemwambia, na hawarudishi. Nikasema, mwanangu, pole. Ukasema, "Mama, mtu anayejua koti langu linakaa wapi na anajua mwaka wetu ni mmoja tu. Tunalala chumba kimoja." Nikauliza ni nani, na nilikuwa nimeshajua utasema nani. Hata hapo bado sikuwa nimeunganisha.

Ulimfukuza Barasa mbele ya wale Wakenya wenzenu, siku ya kukutana kwenu baada ya kanisa. Ulimwita mwizi, ukarudia kwa lugha yetu ili asikie vizuri.

Mara ya mwisho ulipopiga, ukasema unahamia mji mwingine, utanitumia namba mpya. Ukasema umebaki peke yako. "Hata Wasike, yule mtu wa Kibabii niliyekuwa namwazima simu kazini, ameacha kazi ghafla bila kuaga."

Namba yangu Wasike aliipata kwako, imeandikwa Mama. Koti lako kazini linatundikwa ukutani na mengine. Yote yalinijia mara moja. Ningekwambia pale pale. Neno lilikuwa mdomoni, nilikuwa nalisikia ulimini. Nikasema, "Ni sawa, mwanangu. Mungu yuko." Ukakata, na ile namba mpya haijaja mpaka leo.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa. Wewe ndiye umebaki kwangu. Nikafikiri, akijua ni mimi, hatanipigia tena. Nikanyamaza ili unipigie, na hukunipigia.

Lakini niko hapa Kitale, na Barasa ana mama yake, na mama yake ni Mama Barasa. Baraza ni moja. Mlango ni mmoja. Kodi ya chumba tunalipa pamoja, na sare za shule zina tarehe ya kupelekwa, kwa hivyo hakuna wa kwenda mahali. Siku ile Barasa alimpigia mama yake akilia, Mama Barasa aliniambia, "Mama Simiyu, mtoto wangu si mwizi. Wewe unamjua, alitahiriwa kwako. Sema kitu." Nikamjibu, "Mambo ya watoto tuwaachie wenyewe." Hilo jibu nilitoa mimi, kwa mdomo huu.

Kutoka siku hiyo anakata, ananiwekea vitambaa kwenye stuli. Hanipi mkononi. Nikimaliza, naweka kwenye stuli, anachukua. Chai kila mtu anajipikia. Wateja wakija tunaongea na wateja. Nimeshona kola nyingi hivyo, mita moja kutoka kwake, na lile neno nimelifunga mdomoni. Kuna wakati nilikuwa nasimamisha mashine, navuta hewa, halafu naendelea kukanyaga. Nilikuwa kama mtu aliyejishonea ndani ya gunia, na sindano iko nje.

Ikafika hatua nikaenda benki pale mjini, nijifanye nauliza tu. Nikamwambia msichana wa kaunta kuna mtoto wa jirani aliibiwa namba. Akauliza namba ilikuwa gani. Nikasema ni mwaka wake wa kutahiriwa. Akaweka kalamu chini.

"Mama, huyo mtoto ni wa Bungoma?"

"Sasa atatoka wapi?"

"Ana miaka mingapi?"

"Anaelekea thelathini."

Akaanza kuhesabu na vidole, yeye mwenyewe ni wa kwetu. "Si mnajua hatutahiri kila mwaka, tunaruka mmoja. Mtu wa umri huo, miaka ambayo angeweza kutahiriwa ni mitatu hivi, ikizidi minne. Na mashine inakupa nafasi tatu kabla imeze kadi. Mama, hiyo si siri, hiyo ni tangazo! Kaka yangu pia ndiyo anatumia. Nimemwambia abadilishe, ananiambia ati akibadilisha atasahau."

Mwanaume nyuma yangu kwenye foleni akakohoa, akaanza kuangalia viatu vyake. Yule msichana akamwambia, "Hata wewe, baba. Nakuona." Watu wakacheka.

Mimi nilifurahi, Simiyu. Nisikufiche. Nilisimama pale nikafurahi, kwa sababu nilifikiri basi si mimi, mtu yeyote wa kwetu angebahatisha. Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Nikafika kwa muuza ndizi, nikakumbuka benki yenu ilisema mara ya kwanza. Hakubahatisha. Alikuwa ameambiwa. Nikarudi barazani nikakaa kwa mashine yangu, mzigo ni ule ule.

Yule msichana alinifundisha mengine, na nakuandikia kwa sababu najua hakuna mwingine wa kukwambia kwa lugha ya nyumbani. Namba ya siri isiwe kitu chochote cha maisha yako. Isiwe mwaka wa kisu, isiwe mwaka aliotuacha baba yako, isiwe namba ya nyumba. Chukua namba isiyo na maana, namba ambayo mama yako hawezi kujivunia mbele ya mtu. Ukiwa kwa mashine funika na mkono ule mwingine, hata kama aliye nyuma yako ni bakoki, naye hatakasirika kama ana akili. Kadi isikae kwa koti lililotundikwa. Zile karatasi benki inatuma, usizitupe hata ukiwa umechoka, soma mstari kwa mstari. Na ukiona kitu hukukifanya, piga simu benki saa ile ile, usingoje kwanza kumtafuta mwizi. Amesema mara nyingi wanaoibiwa huko ng'ambo wanaanza kwa kushuku mwenzao wa chumba, na yule mwizi anapata siku tatu za kutembea.

Na sisi tulioko nyumbani pia mtufunze. Hilo hakusema yeye, nasema mimi. Mnaenda huko, mnajifunza kufunga milango, na ufunguo mmeacha kwetu, na hatujui ni ufunguo. Tunafikiri ni hadithi ya mtoto wetu. Mtu akinipigia sasa akinisalimu vizuri na kuuliza habari zako, namwambia, "Atakwambia mwenyewe." Nakata. Juzi nilimkatia hivyo mjomba wako wa Webuye, akakasirika, bado hajanisamehe. Ni uchungu, mwanangu. Kukuongelea ndiko kulikuwa kumebaki kwangu.

Kilichonivunja ni ule uchumba wa Barasa. Unamkumbuka yule binti wa karibu na Kibabii, mwalimu wa nasari. Mazungumzo yalikuwa yameanza, wazee wameshakaa mara moja. Habari zikawafikia. Wiki iliyopita wakatuma ujumbe kwamba hawawezi kumpa binti yao mtu aliyeitwa mwizi na bakoki wake mwenyewe. Wangesikia kwa mtu mwingine wangeuliza maswali. Kwa bakoki hawakuuliza. Mama Barasa alipokea huo ujumbe hapa barazani, nikiwa hapa. Hakulia. Alichukua mkasi akaendelea kukata, akakata mkono wa shati ukawa mfupi kuliko mwenzake. Ni mara ya kwanza namwona akikosea katika miaka yote hii.

Nikasimamisha mashine. Nikamwambia yote. Wasike, simu, vifungo, ile furaha alinikuta nayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na ukashona hapa karibu na mimi."

"Nikashona."

Akakunja kitambaa chake, akachukua mkasi wake, akaenda. Nilibaki na shati lenye mikono miwili isiyolingana.

Leo asubuhi amerudi. Hakunisalimu. Alikaa, akampigia Barasa, akanipa simu, akasema, "Mwambie wewe mwenyewe." Nikamwambia mtoto yule yote, nikimwita mwanangu, nikimwomba msamaha. Halafu akasema, "Asante, mama. Lakini wewe hukuniita mwizi. Aliyeniita ni Simiyu. Nataka nisikie kwake." Akaniuliza kama macho yangu bado yananisumbua.

Kwa hivyo, mwanangu, kuniambia mimi kwamba umenisamehe, hilo litangoja, na kama halitakuja nitaishi nalo. Wale watu uliowaambia baada ya kanisa, waambie sasa kwamba Barasa si mwizi, mahali pale pale, kwa lugha zote mbili. Halafu mpigie Barasa. Namba yake hajabadilisha, anasema aliiacha ile ile kwa makusudi. Akishasikia kwako, atampigia mama yake.

Mama Barasa hajakata kitu tangu asubuhi. Simu yake ameiweka juu ya meza ya kukatia, katikati yetu, kioo kikiangalia juu. Tunaingoja hiyo. Yangu nimeizima, usije ukanipigia mimi kwanza.

Mimi mama yako,
niliyekusema kwa mtu nisiyemjua.